Mama Albertine na Bustani ya Alhamisi

Tarehe 31 Machi 1988 Mama Albertine anafunga mlango wa jiko la foyer yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miezi sita ya kazi. Katika karatasi za kampuni yeye ni Citoyenne, yaani Raia, Kabulo Mwape, na ndivyo nilivyopiga kwa mashine kwenye cheti chake. Lakini katika Likasi nzima sijasikia mtu akimwita hivyo, na mimi katibu wake sitaanza leo.

Nimeombwa niandike maisha yake ya kazi kwa ukurasa mmoja na nusu, bila mizaha. Kuhusu ukurasa nitajitahidi. Kuhusu mizaha mtanisamehe, maana huyu mama amewahi kunifunga aproni ya maua mbele ya wanawake thelathini, na baada ya hapo mtu hawezi kumwandikia kwa uso mkavu. Ila kuna jambo moja la kweli ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza chini chini tangu mwezi wa kwanza: akiondoka yeye, bustani iliyo nyuma ya jiko itakuwaje? Hilo ndilo lililomnyima raha mwaka huu. Hakuhangaikia magoti yake, wala kuhama nyumba ya kampuni. Aliwaza bustani tu. Nitalifikia.

Alizaliwa upande wa Kambove, akaolewa na Baba Damas wa kiwandani, akaajiriwa hapa tarehe 2 Oktoba 1967. Aliajiriwa kupiga deki. Foyer, kwa mgeni asiyeijua, ni nyumba ambamo wake wa wafanyakazi wanajifunza kushona, kutunza watoto na kupika, na siku zile mapishi yalifundishwa kutoka kitabu kinene chenye picha za rangi. Kitabu kilitaka siagi, krimu na koliflawa. Akina mama walinakili kila kitu kwa mwandiko mzuri, wakarudi kambi ya wafanyakazi, wakapika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kama kawaida. Mama Albertine alikuwa anapitisha kitambaa chini ya meza zao na kuyasikia yote. Baada ya mwaka mmoja alikwenda kwa mkuu wa foyer, ndoo bado mkononi, akaomba apewe siku moja tu kwa wiki afundishe chakula ambacho mtu anaweza kukipata nyuma ya nyumba yake. Mkuu alicheka, akampa Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mwalimu wa mapishi alikuwa anakwenda kwa daktari wa meno.

Meno yalipona lakini Alhamisi haikurudishwa. Kufikia mwaka 1973 siku zote za mapishi zilikuwa za Mama Albertine, na kile kitabu kinene kilikuwa kinazuia dirisha la stoo lisipigwe na upepo. Kingali pale.

Namna yake ya kufundisha mnaijua, lakini niiandike kwa ajili ya watakaokuja. Hakuna sufuria inayoguswa kabla ya kikapu. Asubuhi wanafunzi wanatoka kwanza bustanini, wanachuma kilichokomaa siku hiyo, wanarudi, wanamwaga juu ya meza, na hapo ndipo somo linaanza. Mwezi wa kumi na mbili ni uyoga kutoka porini na majani machanga ya maharagwe. Mwezi wa pili ni mahindi mabichi na kibwabwa, yaani majani ya maboga, ambayo anayavua nyuzi moja moja, anayasugua mikononi mpaka yalainike, kisha anayapika na nyanya na karanga zilizotwangwa, bila tone la mafuta. Mwezi wa tano ni viazi vitamu. Kiangazi kikikaza, ni maharagwe, na mboga alizokausha mwenyewe juu ya bati wakati sisi wengine tunalalamika kwamba hakuna kitu sokoni. Chumvi anatia mwishoni, na kidogo. Mtu akiongeza chumvi kabla ya kuonja, Mama Albertine anamwangalia tu, na huyo mtu hatarudia.

Kazi hiyo ilinitesa mimi. Kila Septemba ofisi kubwa inataka orodha ya masomo ya mwaka mzima, wiki kwa wiki. Nilikwenda kwake na kalamu, nikamwuliza wiki ya tatu ya Februari atafundisha nini. Akanijibu kwamba mvua bado haijamwambia. Nikaandika "mboga". Niliandika "mboga" mara arobaini, nikatia muhuri, nikapeleka, na hakuna aliyeuliza. Tumefanya hivyo kila mwaka, na kama kuna mtu wa ofisi kubwa anayesoma hapa, basi sasa amejua.

Kitu kingine alichonichukulia ni bahasha. Bahasha zote za zamani za mishahara zilizopaswa kutupwa alizibeba. Kila mwanamke aliyemaliza masomo alipewa cheti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili bahasha tatu: mbegu za lengalenga, yaani mchicha, za maboga na za nyanya ndogo za hapa kwetu. Sharti lilikuwa moja. Uzipande nyuma ya nyumba yako, na msimu ukiisha ulete mbegu za kumtosha mwingine. Nilidhani ni mchezo wa akina mama. Niliendelea kudhani hivyo mpaka Februari 1979, na sasa inabidi nieleze aibu yangu, kwa sababu bila aibu hiyo hamtamwelewa huyu mama.

Mwaka ule lilitoka neno kwamba somo la mapishi lifutwe. Wakubwa walisema mwanamke anafundishwa kupika na mama yake, kampuni haina haja ya kumlipia mwalimu. Kabla ya kukata shauri, wageni kutoka direction, yaani uongozi wa kampuni, wangekuja Jumanne kuona mtihani wa mwisho kwa macho yao na kula kwa midomo yao. Mama Albertine aliacha kutania wiki nzima. Mimi nikaona nimsaidie. Jumamosi ilikuwa siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, na nilikuwa na vijana kumi na wanane wenye majembe chini ya amri yangu. Nikawapeleka nyuma ya jiko. Niliona majani yamejaa ovyo, yamepanda mpaka kwenye njia, mengine yanatambaa juu ya uzio. Nikasema pasafishwe, wageni wasije wakakuta pori. Mimi nimezaliwa mjini, mama yangu alinunua mboga sokoni zikiwa zimefungwa mafungu. Lengalenga iliyosimama ardhini sikuwa nimewahi kuitazama usoni.

Ilikuwa kazi safi sana. Saa sita hapakubaki kitu isipokuwa udongo mwekundu, na nilikuwa nimeagiza chokaa ya kupaka mawe.

Alifika kutoka nyumbani na kanga begani, mtu amekwisha kumwambia. Alisimama akaangalia. Kisha akaketi chini kando ya lile lundo la majani, akaanza kuchambua, hili huku, hili kule. Nilisubiri anitukane. Aliniuliza tu, bila kuinua kichwa: "Bwana Secrétaire, minye niko na siku mbili. Weye ungefanya nini?" Niwaambie ukweli, nilikwenda nyuma ya stoo nikalia.

Habari ilipita kanisani Jumapili baada ya misa, na sikuipitisha mimi. Jumatatu alfajiri walianza kuingia langoni. Walitoka kambini, walitoka mtaa wa Kikula, wengine walipanda taxi-bus na karai magotini. Walikuwa wanawake wa 1970, wa 1974, wa mwaka uliopita. Philomène, ambaye leo ni mwalimu mwenzetu, alibeba mche wa boga na udongo wake ndani ya nguo ya mtoto. Mmoja alileta lengalenga kwenye beseni la kuogea. Kila mche ulikuwa mtoto au mjukuu wa mbegu zilizotoka kwenye zile bahasha zangu. Walipanda bustani nzima upya kabla ya saa nne, wakamwagilia, wakaenda makwao kupikia waume zao. Hakuna aliyetaka hata asante.

Jumanne wageni walikuja. Walikula bukari, kibwabwa cha karanga, mahindi mabichi yaliyokunwa na kupikwa ndani ya maganda yake, na samaki wadogo wa mto Lufira kwa nyanya. Mkubwa wao alijipakulia mara tatu. Kisha akatoka nje, akatazama matuta, akauliza mbona mboga zimelegea hivyo. Mama Albertine alimjibu kwa heshima kwamba zimechoka na safari. Yule mkubwa alidhani ni mzaha, akacheka sana, na somo la mapishi halikufutwa.

Mama Albertine hakunishtaki. Hakumwambia mkuu wa foyer kwamba ni mimi, wala mumewe, nadhani. Adhabu yangu aliitoa mwenyewe: kila Alhamisi saa mbili, bustanini, kikapu mkononi, nyuma ya wanafunzi. Hapo ndipo ilipotokea ile aproni ya maua. Nilikosea sana. Nilichuma majani ya bure nikayaita mboga, nikang'oa mboga nikaziita majani ya bure, na wanafunzi walinicheka mpaka wakashika mbavu. Alinionyesha shina, alinionyesha mshipa wa jani, alinifanya ninuse. Mwaka uliofuata mke wangu Germaine alilazwa miezi miwili, na watoto wetu wanne walikula kila siku chakula kilichopikwa na baba yao juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Hawakukonda. Mdogo alilia mama yake aliporudi, akidai kibwabwa changu ndicho kitamu. Hili Germaine hajalisamehe, na ninaliandika hapa nikijua nitalala njaa.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Mwezi wa kwanza tuliambiwa kwamba Philomène atashika darasa la mapishi, lakini atakuwa anagawanya wiki kati ya foyer mbili. Bustani inataka mtu wa kila siku. Mkuu alisema wazi: asipopatikana mfanyakazi wa kuweka sahihi kwamba ataitunza, kiwanja kitasawazishwa kiwe cha kuegesha magari. Delphine wa ushonaji ana mgongo mbovu. Wengine walitazama dari. Mama Albertine alianza kuchelewa kurudi nyumbani, Baba Damas anamsubiri langoni na baiskeli yake, yeye yuko kwenye matuta anazunguka bila kufanya kitu.

Nikaweka sahihi mimi.

Mama Albertine alipoiona alicheka, halafu akageuka kuyatazama matuta, na kule kutazama kuliniuma kuliko siku ile ya Salongo. Miaka tisa ilikuwa imepita, lakini mtu aliyeona udongo mtupu mahali pa kazi yake yote hasahau. Jumatatu ya wiki iliyopita akanipa jembe dogo, akanionyesha tuta refu la kando ya uzio, lile ambalo mvua za mwisho zilikuwa zimelifunika kwa kila aina ya jani. Akasema nilipalilie peke yangu. Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Nilifanya asubuhi yote. Nilipiga magoti na suruali yangu ya ofisi. Kila jani niliuliza shina lake, niligeuza, nilinusa kama nilivyofundishwa. Alipotoka hakulitazama tuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye lundo la vile nilivyong'oa, akaketi chini kando yake, kama siku ile, akaanza kuchambua, hili huku, hili kule. Alifika mpaka chini kabisa. Upande wa mboga hapakuwa na kitu, hata jani moja. Akapangusa mikono kwenye kanga, akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, akasema: "Basi. Sasa naweza kwenda."

Mama Albertine, chakula tunachokula leo kwa heshima yako nimekichuma mimi, amekipika Philomène, na chumvi imetiwa mwishoni. Akina mama uliowafundisha wanakushukuru, waume zao walioshiba wanakushukuru zaidi, na mimi nakushukuru kwa lundo lile la kwanza ambalo hukulipeleka kwa mkuu. Nenda na Baba Damas kwenye kiwanja chenu cha njia ya Buluo, magoti yapumzike, mvua ikuwahi kila Oktoba, na maisha yawe matamu kwenu wote wawili. Bahasha tatu ulizoniachia juu ya mashine yangu ya kupiga chapa nimezipokea. Sharti nalijua. Msimu ukiisha, nitakuletea mbegu.

Isidore, katibu wa foyer