Mlango Mpana wa Kimbo: Tunamuaga Mwalimu Idah Mukonyo

Ijumaa tarehe 26 Novemba 1999, Mwalimu Idah Mukonyo anastaafu baada ya miaka kumi na mitano katika kituo chetu cha mchana cha watu wenye ulemavu. Alipoanza, mwaka wa 1984, kituo kilikuwa na wanafunzi sita na jiko moja la makaa. Nyumba hakikuwa nayo.

Aliajiriwa kufundisha kusuka vyondo na kufuma sweta. Vyondo vya darasa lake vimewahi kushinda katika maonyesho ya kilimo. Sweta zina historia tofauti kidogo. Ndugu yangu Samir, anayetumia kiti cha magurudumu, alimfumia moja yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mwalimu aliivaa mpaka katika ofisi ya mkuu wa wilaya, na alipoulizwa, akaeleza kwamba mkono mrefu ni wa kusalimia wakubwa.

Lakini jambo tutakalolisimulia zaidi ni jengo hili. Kwa miaka kumi na miwili tulikuwa wageni: ukumbi wa kanisa Thika, chumba cha madrasa, kisha ukumbi mwingine Ruiru. Pakiwa na harusi au matanga, tulipisha. Kila siku saa kumi jioni meza zilirudishwa stoo, hata kiondo kikiwa nusu. Katika kuhamahama huko tuliwapoteza wenzetu. Wazazi waliwaleta hadi mlango wa zamani, wakakuta kufuli, wakarudi nao nyumbani, na huko wakabaki wamefungiwa ndani.

Mapema mwaka wa 1996 tukaambiwa tuondoke tena kabla ya Pasaka. Kamati ilitafuta kutoka Mwiki hadi Gatuanyaga. Kila nyumba ilikuwa na ngazi au mlango mwembamba. Ikaanza kusemwa kwamba kituo kifungwe kwa muda, na hakuna mzazi aliyeamini kwamba muda huo ungeisha.

Mwalimu Idah hakubishana na mtu. Alikwenda soko la Ruiru akawauliza wasukuma mikokoteni ni jengo gani wanaloingia na mzigo bila kuunyanyua. Mmoja wao alimtazama kwa wasiwasi.

"Mathe, unataka kutunyang'anya kazi?"

Alipowaeleza haja yake walicheka, kisha wakashindana kumwelekeza, wote mahali pamoja: ghala la kahawa huko Kimbo, lililokuwa limekaa tupu tangu bei ya kahawa ianguke. Mlango wake ulikuwa mpana, na badala ya ngazi palikuwa na mteremko wa saruji.

Mwenye ghala, Mzee Njau, alikuwa karibu kulikodisha kwa mtu wa kusaga unga. Alimwambia Mwalimu kwa upole kwamba amechelewa. Mwalimu akaomba awalete wanafunzi waone tu. Jumatano wakafika wote, pamoja na sufuria ya githeri.

Samir alipanda ule mteremko akaingia bila kubebwa na mtu. Akageuka, akatoka. Akaingia tena, akatoka tena. Mwishowe Mzee Njau akauliza kijana huyu anafanya nini.

"Anaingia," Mwalimu akajibu.

Mzee akaomba sahani, akakaa kula nao, na kabla ya kuondoka akasema yule wa unga atatafuta pengine. Tulianza kama wapangaji. Mwaka wa 1998, baada ya harambee zilizoleta makanisa na msikiti pamoja, ghala likawa letu kabisa.

Siku ya kwanza tulipohamia, saa kumi ilipofika, wanafunzi walianza kubeba meza kama walivyozoea. Mwalimu akawaambia waache kila kitu kilipo. Walimtazama kana kwamba hawakusikia. Kesho yake walikuta vyondo vyao vimelala palepale walipoviacha, wakashangilia hadi majirani wakatoka nje.

Leo tuko arobaini na mmoja. Kati ya wenzetu waliopotea, Mwalimu aliwatafuta mwenyewe akawarudisha wawili. Mmoja wao, Muthoka, ndiye atakayelichukua darasa lake la vyondo kuanzia Jumatatu.

Asante, Mwalimu Idah. Pumzika sasa, na maisha yako yawe mema na marefu. Siku utakayotukumbuka, hutalazimika kumuuliza mtu tumehamia wapi.