Président na Ada ya Moshi

Benchi lenyewe lilitoka kanisani. Kanisa moja la wazungu kule karibu na mto lilifungwa kwa kukosa waumini, wakauza viti, nami nikanunua kimoja nikakiweka kwenye dirisha la duka langu, kati ya friza ya samaki na magunia ya unga. Nia yangu ilikuwa wateja wapumzike kidogo wakingoja nyama ikatwe. Sikujua najiletea wazee wa kulea. Hapa Champlin, Minnesota, nusu ya mwaka huwezi kukaa nje ukapiga soga, meno yatagongana mpaka usahau ulichotaka kusema, kwa hivyo kijiwe kimehamia ndani kwangu. Kinakunywa kahawa yangu, kinamaliza mandazi yangu, halafu nikisema neno moja kinaniambia, Kemunto, punguza sauti, tunaongea.

Siku hiyo walikuwa watatu kama kawaida. Wa kwanza Solomon, anaishi Blaine, tunamwita Injinia. Usiulize alisomea wapi. Aliwahi kubadilisha balbu ya taa ya nyuma ya gari bila kuita fundi, na mpaka leo anatusimulia. Wa pili Timothy, huyu ni Wakili. Alishikwa kwa kukimbiza gari, akakataa kulipa, akaenda kortini kujitetea mwenyewe kwa Kiingereza cha Biblia, akashindwa, akarudi na faini na jina. Wa tatu ni Sosthène, Mkongo wa Bukavu, na yeye ni Président kwa sababu hata akitoka kupiga koleo la theluji huwa amevaa tai.

Sosthène ana van ya dizeli iliyozeeka vibaya. Kila mchana huja nayo hapa dukani, akina mama wa zamu ya jioni wanakusanyika, anawapeleka hospitali moja katikati ya Minneapolis, na zamu ikiisha anawarudisha. Dada yangu Peris ni mmoja wao. Basi la saa zile halifiki huku, na si wote wana leseni. Tangu goti la Sosthène likatae kazi ya kubeba maboksi, van hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Kwa hivyo Wakili alipoingia akikung'uta viatu, akatangaza ameona kwenye WhatsApp kwamba jiji litaanza kutoza ada ya moshi kwa kila gari kuukuu linaloingia downtown, huko huko katikati ya Minneapolis, mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama Président. Alikuwa ameinua kikombe, na kikombe hakikufika mdomoni.

— Gari ya mwaka gani? akauliza.

— Za kitambo, Wakili akasema. Hasa dizeli.

Nikauliza habari hiyo imeandikwa na nani, lini, na baraza gani limeipitisha. Wakili akanipa simu nijionee. Hapakuwa na jina wala tarehe. Palikuwa na picha ya bomba la gari, alama nyekundu za hatari, na maneno yanayosema watumie wenzako kabla haijafutwa. Kwa Wakili huo ni ushahidi kamili, na jaji akitaka zaidi shauri yake.

Basi wakaanza. Injinia akaapa hatalipa hata senti kwa ajili ya hewa, hewa ni ya Mungu. Akatueleza jinsi kamera zitakavyofanya kazi. Zitafungwa kwenye taa za barabarani, zitasoma namba ya gari, halafu zitanusa. Ndiyo, zitanusa, kwa sababu siku hizi kompyuta ina pua. Nikamuuliza pua hiyo itanusaje kwenye baridi hii ambayo yangu mwenyewe imekufa ganzi tangu Novemba. Akasema ni pua inayopashwa moto kwa umeme, na kwamba mambo ya ufundi si ya kila mtu. Wakili akadakia kwamba kisheria pua haiwezi kutoa ushahidi, maana huwezi kuiapisha. Dawa yake ilikuwa kuacha theluji ifunike namba ya gari. Polisi akikusimamisha, mwambie amshtaki aliyeiangusha.

Injinia akasema hapo Wakili hajaelewa. Kamera inatafuta kitu cheupe kinachopanda juu. Na Januari hapa kwetu kila kiumbe kinatoa kitu cheupe kinachopanda juu: gari, mbwa, mfuniko wa mtaro, mwanadamu. Ukitoka mlangoni ukasema habari za asubuhi, umeshatoa moshi, na bili inakuja kwa jina lako. Wenye maneno mengi watalipa zaidi. Wakili akauliza na maombi je, kwa sababu kwao wakitoka ibadani huwa wanaendelea kuombeana kwenye maegesho, na kuna mzee mmoja akishika maombi hamwachii mtu. Injinia akasema huyo mzee ndiye atakayefilisi kanisa.

Kutoka hapo hawakushikika tena. Wakasema baada ya magari watafuata nyama choma ya uani, baada ya nyama choma watakuja jikoni, na mwanamke akitaka kusonga ugali itabidi aonyeshe kibali kwanza. Wakili akanigeukia kwa huruma, akaniahidi kunitetea bure. Nikamwambia mteja wake wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe, na alishindwa, ahsante.

Président hakucheka. Alisimama, akaja kaunta akijifanya anataka sukari, na sukari ilikuwa mkononi mwake.

— Dada Kemunto, kama ni kweli, hawa mama ntawaambia nini?

Swali lake liliniuma. Nilijua habari ile haina kichwa wala miguu, lakini kwake hiyo si hoja. Kwao Bukavu aliyengoja habari ithibitishwe ndiye aliyebaki nyuma wenzake wakikimbia. Alitaka kuwaambia akina mama siku hiyo hiyo, waanze kutafuta mtu mwingine wa kuwabeba, wasije wakakosa kazi kwa sababu yake. Nikamwambia asithubutu kufungua mdomo mpaka tujue. Akasema ndiyo, akarudi kwenye benchi, lakini nilimwona midomo ikifanya mazoezi ya namna atakavyowaaga.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka akaingia Mama Mukamana. Ni mgeni. Yeye na mumewe walifika kutoka kambi ya wakimbizi majani yalipoanza kuanguka, wakapewa nyumba kwenye fleti za nyuma ya duka. Alikuwa na koti la kiume linalomfika miguuni na kitenge juu ya koti. Akanisalimia mimi kwa mikono miwili, kisha akaenda kwenye benchi akamsalimia kila mmoja vivyo hivyo, hana haraka. Nikadhani anataka sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi kama siku zote. Akabaki amesimama mbele ya wale wanaume.

— Baba zangu, samahani. Ile mugonjwa iko aje leo?

Wakatazamana.

— Mgonjwa gani, mama? Injinia akauliza.

— Ile yenye gari zinamungojaka.

Ikabidi aeleze. Dirisha lao linatazama maegesho ya duka langu. Kila siku anaona magari yamesimama pale, yananguruma, moshi unapanda, na ndani hamna mtu. Kule kambini gari likiachwa likinguruma bila dereva, maana yake ni moja tu: dereva amekimbia ndani kumbeba mgonjwa, na hali ni mbaya kiasi kwamba hakuwa na nafasi ya kuzima. Kwa hivyo yeye na mzee wake kila siku wanapiga magoti pale dirishani, wanamwombea. Jumatano wanafunga. Moshi unaingia kwenye upenyo wa dirisha na mzee anakohoa, lakini wamesema si kitu, kikohozi ni nini mtu mwingine akiwa anakata roho. Sasa shida yake ilikuwa moja, kwamba wanaomba bila jina.

— Munipe tu jina yake, akasema. Juu maombi isipotee njia.

Nikatazama nje. Pikapu ya Injinia, gari la Wakili, van ya Président, yote matatu yananguruma pua zikielekea ukutani. Wenzangu wa Minnesota mnajua. Mtu anawasha gari ili likae na joto, anajiambia anatoka sasa hivi, halafu anamwaga kahawa nyingine. Mimi nilikuwa nimezoea sauti ile hata siisikii. Niliona haya, na sikuwa hata na gari pale.

Président akasimama, akanyoosha tai.

— Mama, mugonjwa ni gari yangu, akasema. Moteur nikizima mu baridi, haiamuke tena. Ile njo ugonjwa yake.

Mama Mukamana akatikisa kichwa taratibu, akampa pole ya kweli, pole unayompa mtu aliyelaza mama yake hospitali. Akamuuliza imeanza lini na kama imeonwa na fundi. Kisha akageukia dirisha, akanyoosha kidole kwa yale mengine mawili yaliyokuwa yaking'aa.

— Na hizi mbili, zinaumwa nini?

Injinia aliinamia viatu vyake. Pikapu yake ilinunuliwa mpya kiangazi kilichopita, viti vyake vina joto, usukani una joto, nadhani hata kishikio cha kikombe kina joto. Wakili aliitazama simu yake kana kwamba kifungu cha sheria kingejitokeza. Nimengoja miaka kwa miaka benchi lile linyamaze, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Injinia akapapasa mfuko, akabonyeza rimoti, pikapu ikanyamaza. Wakili akafanya hivyo hivyo bila kumtazama mtu. Nikamwambia Président yeye akae, la kwake linaumwa kweli, hakuna anayemdai kitu. Hakunisikia. Alikuwa anamuuliza Mama Mukamana kama mzee anakohoa sana.

— Kidogo tu, mama akasema, vile watu wanavyosema kidogo tu wasipotaka kukusumbua.

Président akatoka bila koti. Tulimwona kwenye kioo akiingiza mkono, akizungusha ufunguo. Van ikajitikisa kama kuku aliyenyeshewa, ikanyamaza. Akarudi, akakaa, akamaliza kahawa yake iliyokwisha poa.

Akina mama wakafika mmoja mmoja na mikoba yao ya chakula, Peris mbele. Président akatoka kuiwasha. Ikaguna. Akajaribu tena, ikatoa mlio mdogo. Mara ya tatu haikusema kitu. Akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, na akina mama wamesimama kwenye baridi wakimtazama. Msimamizi wa zamu hajui mambo ya moteur, ukichelewa umechelewa. Nikamwona Président anashuka, anavua kofia, na nikajua anakwenda kusema yale maneno aliyokuwa anayafanyia mazoezi.

Nikachukua chupa ya kahawa kutoka mezani, nikaifunga, nikaiweka chini ya kaunta.

— Viti vyenu vimepashwa moto mchana wote, nikawaambia wale wawili. Sasa vipate makalio. Simameni.

Wakili akaanza na habari ya bima, nikamtazama, akatafuta glavu zake. Injinia alitoka haraka zaidi, akaita akina mama kwa sauti kubwa, akawafungulia milango kama bwana harusi. Wakagawana, wengine kwa Injinia, wengine kwa Wakili. Peris akashika kiti cha mbele cha pikapu, na nikamsikia akisema haki ya Mungu, hiki kiti kinanipika. Président alisikia pia. Alikuwa amebaki pembeni ya van yake, mkono juu ya boneti, kofia bado mkononi, na mimi nilitamani nimpige Peris kofi.

Pikapu haikuondoka. Nikangoja, haikuondoka. Nikatoka na aproni yangu kwenda kuuliza kulikoni. Injinia akashusha kioo kidogo, akachungulia nyuma kuhakikisha Wakili hasikii.

— Kemunto, akaninong'oneza, hii downtown mtu anaingilia wapi?

Kumbe Solomon tangu ahamie Blaine hajawahi kuendesha gari kule. Kazi yake iko Blaine, kanisa lake liko Blaine, nyama ananunua kwangu. Mchana wote alikuwa amepigania barabara asiyoijua. Nyuma yetu Wakili naye akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti kwamba tusimcheleweshe, yeye anamfuata Injinia.

Président alikuwa amesikia. Akavaa kofia yake, akazunguka mbele ya pikapu, akafungua mlango wa Peris. Peris akashuka mwenyewe, akahamia nyuma akabanana na wenzake, na Président alipokwisha kukaa mbele akamgusa bega.

— Na kesho tuko hapa saa ile ile, Président, akamwambia. Hiyo van yako ikiamka au isipoamka.

Président akafunga mkanda, akanyoosha tai, akamngoja Injinia apandishe kioo ndipo aseme. Lakini kioo kilikuwa hakijafika juu nikaisikia sauti yake, ikimwita mkubwa kwa Kifaransa.

— Tembeza, chef. Mwisho wa hii njia unashika kushoto. Usiogope.