Leso Nyekundu ya Aguti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Aguti, binti ya mama Petronilla wa Adungosi. Aguti alikuwa kiziwi. Aguti alicheza tenisi. Shikeni yote mawili, maana klabu yake hapa Busia ilikumbuka moja tu.

Homa ya utotoni ilimnyima masikio, haikumnyima mbio. Asubuhi aliuza nyanya sokoni, jioni yuko uwanjani. Alikuwa mtani pia: ukimshinda, anakununia mpaka umnunulie soda.

Shida ilikuwa kengele. Radi ya huku kwetu haipigi hodi, mnajua wenyewe. Mawingu yakitanda kutoka upande wa Tororo, klabu hugonga kengele, watu wakimbilie ndani. Aguti hakuisikia. Basi akaleta leso nyekundu ya mama yake, akawaeleza kwa ishara: mkigonga kengele, pandisheni na hii. Kamati ikakubali, hata makofi wakampigia. Halafu leso ikakunjwa, ikawekwa kabatini, ingoje mlingoti wa bendera. Ilingoja miezi. Inauma kusema.

Jumamosi ile Aguti alikuwa akipiga mpira ukutani, mawingu yako nyuma yake. Kengele ikalia. Wote wakakimbia. Kocha Etyang alitueleza hivi: "Mimi nilijua mwenzangu Dancan amemshtua. Dancan naye alijua ni mimi. Tukiwa ndani ndio tukaona hayuko."

Etyang alitoka mbio. Radi ilikuwa imemtangulia.

Walimfunika kwa leso ile ile. Siku hiyo kabati lilifunguka upesi.

Baada ya mazishi Etyang aliirudisha Adungosi, imefuliwa na kupigwa pasi. Mama Petronilla alimpa chai, akamwacha amalize. Leso hakuipokea.

"Coach, hii si yangu tena," alisema. "Enda muipandishe vile aliwaambia. Kuna watoto wengine hawasikii."

Etyang hakungoja kamati. Aliifunga kwenye mpini wa jembe, akausimamisha kando ya uwanja. Upo hadi leo. Mpini wa jembe tu, wasikilizaji, na ungetosha tangu mwanzo.

Mama Petronilla na jamaa wote wa Adungosi, poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Nawe unayenisikiliza, kumbuka kwamba wenzake Aguti hawakisikii kipindi hiki. Kama yuko mmoja karibu nawe, mwambie wewe. Usidhani mwenzako atamwambia.