Bi. Verlene na Msumari wa Redio Yetu

Bi. Verlene Stubblefield, mtunza santuri wa redio yetu hapa mjini Macon kwa miaka thelathini na minne, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1989. Chumba cha santuri tayari kimeanza kununa.

Aliajiriwa mwaka 1955 kwa kazi moja: kukwaruza. Rokenrol ilikuwa imepamba moto, na meneja wa wakati ule, Bwana Odell Crutchfield, shemasi wa kanisani, aliamini kwamba midundo ile inalegeza magoti ya vijana. Kila santuri ilipofika, yeye aliweka alama nyekundu kwenye upande wa fujo, na Bi. Verlene akaupitishia msumari ili mtangazaji yeyote asiweze kuupiga.

Wiki ya tatu ikaja santuri ya vijana fulani wa Memphis. Upande mmoja ulikuwa na gitaa la kupandisha wazimu. Wa pili, wimbo wa polepole wa kumsifu mama. Bi. Verlene akamkwaruza mama.

Mtangazaji wa zamu nilikuwa mimi. Nikapiga upande uliobaki, na simu zikalia mpaka mpokea simu akavua hereni. Bwana Crutchfield akashuka ngazi na leso ya chakula shingoni.

"Wewe Verlene! Sikukwambia ukwaruze penye alama?"

"Nilidhani alama ni ya wimbo mzuri, bosi."

"Mzuri? Fungasha vitu vyako!"

Hapo hatukucheka. Bi. Verlene alikuwa na mama mgonjwa aliyemtegemea kwa kila kitu. Alikuwa ameshakumbatia kikombe chake mlangoni simu ilipolia tena: mwenye duka la viatu alitaka tangazo lake lisomwe kila wimbo ule ukipigwa, maana wateja walikuwa wakicheza dukani, wakichana soli na kununua viatu vipya.

Bwana Crutchfield akaivua leso shingoni. "Haya, rudi ukae. Ila kesho uje na miwani!"

Akaja na miwani, minene kama chini ya chupa, na akaendelea kukosea vilevile kwa miaka mitatu. Mji mzima ukajifunza kucheza. Bendi za harusi zikauchukua mdundo ule, waimbaji wa mashambani wakauchukua, hata kwaya ya Bwana Crutchfield ikaanza kuyumba viuno, naye mwenyewe nilimfuma akipiga mguu chini ya meza. Msumari ukapewa kazi ya kutundikia kalenda.

Kwa miaka yote hiyo tulimtania Bi. Verlene kwa macho yake mabovu, naye alicheka tu. Jana, nikipanga zawadi zake, niliikuta ile miwani ya zamani kwenye droo yake, nikaijaribu. Niliona kila kitu vizuri kabisa. Ni vioo vya kawaida tu, kama vya dirisha.

Asante, Bi. Verlene, kwa kila kosa. Ustaafu kwa raha, na magoti yako yaendelee kulegea.