Kipande cha Ndizi Kwenye Kila Mlango

Mugonile, wapendwa. Mchungaji ameniambia niseme kwa kifupi, na nyie mnaonijua mmeshaanza kucheka. Nitajitahidi. Ila kabla sijaanza, ile mikungu ya ndizi mbivu mliyoleta kwa ajili ya mavuno, naomba mtu aisogeze mbali na benchi la watoto. Asante, baba. Wageni wetu mliotoka Tukuyu mtajua sababu. Wenyeji wa hapa Masoko hamna haja ya kuuliza.

Binti yangu mnamwona pale mbele, mwenye sweta la kijani. Tangu mdogo ni mtoto wa kuimba puani. Akichota maji anaimba, akila anaimba, mpaka baba yake alikuwa anamwambia, "Mama, pumzika kidogo." Basi ugonjwa ulipokuja, ulikuja na dalili moja tu. Alikuwa ananyamaza. Ukisikia wimbo umekatika katikati, ujue una muda wa kutupa kisu na kukimbia, na ukimfikia ameshaanguka, macho yamegeuka, mwili unatetemeka.

Ndugu zangu, nawaambia, nikawa mtu wa kusikiliza. Nyie hapa mnaomba, mimi nasikiliza. Tuko msibani watu wanalia, mimi nasikiliza.

Dawa za kifafa tulipewa, na alizimeza zote. Zikaongezwa, zikabadilishwa, akaendelea kuanguka. Halafu yakaanza mengine ya kutisha zaidi. Kila akiamka, kuna kitu kimeondoka. Mara hajui kufunga vifungo vya sare. Mara amesahau jina la ng'ombe wetu, na jina lile alimpa yeye mwenyewe. Alisimama zizini akamtazama yule ng'ombe, akaniuliza, "Mama, huyu ni wa nani?" Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Niliona mwanangu anaondoka kipande kipande, huku amesimama mbele yangu.

Tukapelekwa hospitali kubwa Mbeya. Daktari wa kule, mama mmoja mpole, akasema kuna watoto ambao dawa peke yake haiwatoshi, ila chakula kinaweza kusaidia. Mafuta mengi sana, na vitu vya wanga na sukari karibu viondoke vyote. Mwili ukikosa sukari unachoma mafuta, na kwa baadhi ya watoto kichwa kinatulia. Nikamuuliza, "Ndizi je?" Akatikisa kichwa. Ugali? Viazi? Chai ya sukari? Akazidi kutikisa. Nikamwambia, "Daktari, mimi natoka Rungwe. Hapo umebakiza nini?" Akacheka, akasema, "Maparachichi mnayo?"

Maparachichi tunayo, wapendwa. Mayai tunayo, siagi tunayo, na malai ya maziwa tunayo. Nikafundishwa kupima kila tonge kwenye mizani, na nikapewa vijiti vya kuchovya kwenye mkojo wake. Kijiti kikigeuka zambarau, mwili unachoma mafuta. Kikibaki na rangi yake, kuna sukari imeingia mahali.

Bibi yake hakupenda. Alikuja jikoni akatazama sahani, akasema, "Mtoto huyu unamlisha au unajaza taa?" Nilimjibu vibaya, tukanuniana. Lakini kijiti kikaja zambarau, kikaendelea kuja zambarau. Wimbo ukarudi, na haukukatika. Siku moja mtoto akatoka zizini anamwita ng'ombe kwa jina lake, na bibi yake mwenyewe ndiye aliyekaa chini akalia.

Ningependa kuishia hapo. Mvua zilipoanza, asubuhi moja kijiti hakikugeuka.

Nikapima upya chakula chote. Kesho yake hivyo hivyo. Halafu nikiwa shambani nasikia anaimba kwenye migomba, na wimbo ukakatika. Ndugu zangu, ule ukimya naujua mpaka leo. Nikampigia daktari simu. Akaniuliza swali moja tu: "Mama, nani mwingine anamlisha?"

Nikasema hakuna. Lakini tangu hapo sikuwa na amani. Nilikuwa nikipita njiani natazama kila uso, najiuliza, ni wewe? Wapo walioninong'oneza kwamba kuna mtu hataki mtoto wangu apone, na nitafute wa kunisaidia kumjua. Nilimuuliza mtoto. Akaangalia chini, akasema, "Hakuna, mama." Mtoto ambaye hajawahi kunificha kitu. Hilo lilinitisha kuliko kijiti.

Kisha akachelewa kutoka shule. Nikatoka kumfuata kwa ile njia ya juu ya ziwa, mnaijua, pale ukiteleza hakuna cha kukushika mpaka majini. Ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote. Nilikuwa namsikia anaimba mbele yangu, simwoni, naufuata wimbo. Ukakatika.

Nilimkuta amelala ukingoni, miguu imening'inia upande wa maji. Kigogo cha mti wa kahawa kilikuwa kimemzuia kiunoni. Nilipomvuta na kumlaza ubavu, nikaona mkononi ameshika kipande cha ndizi ya kuchoma. Bado kilikuwa cha moto.

Alipoamka hakunijua. Alinitazama kama alivyomtazama yule ng'ombe. Alikuja kunijua baadaye, jioni, namshukuru Mungu. Lakini mimi ile saa nimeiishi.

Jumapili yake, akina mama mlikuwa mmekaa hapa kwenye maombi. Nikasimama nikiwa na hasira ya kuua mtu. Nikasema, "Kuna mtu anamlisha mwanangu kwa siri. Amemponza mpaka ziwani. Asimame nimwone."

Akasimama bibi mmoja, simtaji, akasema, "Mimi nilimpa. Kidogo tu. Alipita mlangoni kwangu, nitamwachaje mtoto aondoke mikono mitupu?" Sijamjibu, akasimama mwingine nyuma. "Na mimi. Nilimwonea huruma, nikamwambia asikwambie." Akasimama mwingine. Na mwingine. Mpaka mke wa mzee wa kanisa. Mpaka bibi yake, mama mkwe wangu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kila mmoja alitoa kidogo tu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa adui mmoja. Nikageuka, nikaona karibu kila mtu anayempenda mwanangu amesimama. Kwetu hapa mtoto akipita mlangoni bila kulishwa, ni aibu ya mwenye nyumba, na hiyo ndiyo ilikuwa inamuua.

Yule bibi wa kwanza ndiye aliyesema, akiwa bado amesimama, "Basi tuambie tumpe nini." Nikampigia daktari simu pale pale. Leo mtoto akipita, hapewi kitu kwa siri. Kila nyumba njiani ina parachichi lake, na kipande chake kinakatwa ubaoni kwangu, kimepimwa, mnakuja kukichukua asubuhi. Anapokelewa kila mlango, na haondoki mikono mitupu.

Ndaga fijo, asanteni sana, mama zangu. Daktari wetu, asante. Mama mkwe, tumeshapatana, ila lile la taa sijalisahau.

Wenye watoto kama wangu, msianze chakula hiki wenyewe nyumbani, na dawa msiziache. Nendeni kwa wataalamu. Na mkishaanza, msifiche. Waambieni majirani wote, hata wale mnaogombana nao, kwa sababu hao nao watampa ndizi.

Amepona? Sijui. Daktari anasema tuendelee tuone. Tangu siku ya ziwa hajaanguka. Lakini nyie mmeona nimekuwa nikisimama sentensi inakatika, mkadhani natafuta maneno. Sitafuti maneno. Hebu nyamazeni kidogo.

Mnamsikia? Yule pale, kwenye benchi la mbele, anaimba puani. Sasa naweza kukaa.