Fundi Sindano na Benchi la Watu Wawili

Ndugu wafiwa, majirani na wateja wote, kazi ya kusoma haya nimepewa mimi mdogo wake, seremala, kwa kuwa nina sauti, na kwa kuwa marehemu alishawaonya kwamba nikinyimwa nitayasema getini.

Kaka yetu, mliyemwita Sindano, alizaliwa tarehe 14 Mei 1958, nyuma ya duka la vitambaa alikofanya kazi baba, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, akashika cherehani, na suruali aliyoshona yeye ilichakaa kitambaa, mshono ukabaki. Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009, na tarehe 9 Februari 2011 alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Alipewa wa bandia, akafanya mazoezi, akatembea hadi dukani kwake, lakini alipokanyaga pedali hakuisikia, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika, akaifunika cherehani kwa shuka, akasema fundi amekwisha, na wateja wakija akawa anajificha chumba cha nyuma. Shemeji aliifunua ile shuka, akaketi ubavuni mwake, akaweka mguu wake juu ya ule wa bandia, akamwambia, "Baba, wewe shika kitambaa, mwendo niachie mimi," naye akanung'unika, "Polepole basi, mama, tunashona suruali, hatukimbizi mwizi." Niliwatengenezea benchi la watu wawili, na sijisifu, lile lingebeba tembo na mkewe. Siku moja shemeji aliuondoa mguu kimyakimya, cherehani ikaendelea kulia vilevile, mpaka pindo likaisha, ndipo kaka akageuka, akaona miguu ya mkewe imekunjwa chini ya benchi.

Tangu hapo alishona peke yake, akaenda mwenyewe kununua uzi, akacheza muziki kwenye harusi ya bintiye mkubwa, ila kila alasiri alilalamika kwamba mguu wa kulia umechoka, asaidiwe pedali, na mguu wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa wa plastiki. Shemeji alijua, akaja akakaa.

Alilazwa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Mei 2024, akatutoka alfajiri ya tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, yule binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali aliyemfundisha kuanguka na kuinuka, majirani, na mafundi wenzake waliofunga maduka leo. Benchi halitafupishwa, shemeji, utakaa upande wako.

Kaka, pumzisha miguu yote miwili, kwa amani.