Pilipili Saba za Fungu Moja

Benchi la Daimu muuza kahawa, hapa Majengo, linabeba watu wanne. Mimi peke yangu nahesabiwa wawili, kwa uzito wa maneno. Juzi asubuhi lilikuwa zito kama la msibani. Kajetani, tunayemwita Injinia, alikuwa ametoka shambani kwake Mshangano kung'oa pilipili zake zote, nusu eka nzima, majani yamejikunja kama ngumi. Mwaka wa tatu huo.

— Pole, Injinia, akasema Beda. Ni ule mnara wa simu. Pilipili haipendi kelele.

— Acha zako, Beda! Daimu akamimina kahawa. Ni inzi weupe. Wanashuka na ndege pale uwanjani, na tiketi wanazo.

— Wote hamjui kitu, nikasema. Mimi nimelima pilipili Madaba, nyani akionja moja anakimbia mpaka Njombe. Hizi za sasa zinakufa kwa aibu.

Kajetani hakucheka.

— Sasa msimu ujao nipande nini?

Hapo akatokea dada mmoja, bahasha mkononi.

— Shikamooni. Mnanikumbuka? Violeth, wa mbegu.

Tulimkumbuka vizuri. Miaka sita nyuma alikuja kukusanya pilipili za asili zikatunzwe kwenye hifadhi ya mbegu. Kila aliyeleta aina ya kijiji chake alipewa kofia. Mvua ilikuwa kubwa, vijiji viko mbali. Akili nilitoa mimi: tukanunua fungu moja sokoni, tukaligawa mara saba, tukalibatiza majina ya vijiji saba. Kofia yangu ndiyo hii kichwani.

— Tulizipanda zote, tukaziachia inzi weupe, tuone ipi itahimili virusi wanavyoeneza, vile vya kukunja majani, akasema Violeth. Zimejikunja zote saba, ndani ya wiki ileile moja. Tukapima asili yake. Ni pilipili moja.

Beda akavua kofia, akaikalia.

— Sikuja kugombana, Violeth akaendelea. Hii bahasha mliyonipa imeandikwa, "Madaba, kutoka kwa Mama Lidwina."

— Mama yangu huyo, akasema Kajetani. Alikuwa nayo kweli, nyuma ya jiko. Ndogo, ya njano. Haikuwahi kujikunja hata jani.

— Ndiyo ninayoitafuta, baba. Nani bado ana mbegu yake?

Mama Lidwina tulimzika mwaka juzi. Nyuma ya jiko nilifyeka mimi, mpaka udongo ukang'aa, waombolezaji wapate pa kukaa. Nilisifiwa sana siku ile.

Kajetani akanigeukia. Daimu akainamisha birika, halikutoa kitu.